Daktari Aliniandikia Kutembea

Uvumilivu wangu uliisha siku ya Ijumaa, mbele ya benchi lililojaa wagonjwa, pale dresa alipokisoma cheti changu kwa sauti kubwa kama mtu anayetangaza mnada.

"Atembee," alisoma, akawatazama watu. "Kila siku, atembee. Jamani, hiyo ndiyo dawa aliyopewa huko Tororo."

Benchi zima likacheka. Wenye vifua wenzangu walicheka mpaka wakakohoa, na mzee mmoja aliyekuwa mchimba dhahabu kule Tiira alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa pale tangu asubuhi, nikijisogeza kwa makalio kama tunavyojisogeza wote, kwa sababu ukisimama tu kwenye benchi lile nafasi yako imekwenda. Nilikuja kuchukua vidonge vyangu, basi. Mume wangu Wandera alikuwa amesimama mlangoni na baiskeli yake. Baiskeli ndiyo kazi yake: yeye na wenzake wanabeba watu hapa mpakani Busia, kutoka kizuizi cha Uganda hadi kizuizi cha Kenya na kurudi, wakiita "boda, boda" kutwa nzima.

Dresa hakusema na mimi. Alimgeukia yeye. Huyu dresa, kwa asiyejua, ni yule msaidizi anayefunga vidonda na kugawa vidonge, lakini pale kituoni kwetu kila mtu alimwita daktari na yeye hakumkataza mtu.

"Wewe Wandera, unabeba wake za watu kutwa, halafu wako unamwacha anahema barabarani? Mlaze huyu. Mgonjwa wa kifua analazwa. Na mama yako kule Dabani nimekwisha mwambia, mtoto haletwi mpaka mimi niseme."

Kisha akakikunja cheti changu, akakitia kwenye droo ya meza yake, akasema kitakaa humo mpaka nijifunze kutii.

Mtoto aliyemtaja ni wangu. Anaitwa Nekesa. Alichukuliwa kwangu kabla hajajua kusimama, na habari za kwamba sasa anafukuza kuku nilizipata kwa watu waliokuja sokoni.

Niliinuka. Nikaizunguka meza, nikaivuta droo. Ndani kulikuwa na mkasi, bandeji na nusu ya muhogo wa kuchemsha. Nikachukua cheti changu. Dresa akanishika mkono.

"Toa mkono wako," nilimwambia. "Hii ni dawa yangu, na aliyeiandika si wewe."

Nilisema yote hayo bila kukata pumzi. Nilijisikia mwenyewe nikashangaa, kwa sababu kabla ya mvua ndefu za mwaka ule nisingelifikia hata neno "dawa". Hasira ilinipanda, na juu ya hasira ikapanda furaha, nikatoka nje ninacheka peke yangu, Wandera nyuma yangu anasukuma baiskeli na kuniuliza kama nimeingiwa na wazimu.

Haya nayaandika kwa ajili yako wewe uliyelala na kifua chako, umeambiwa usiinuke. Mimi si mganga. Nilisoma sekondari, nikaolewa, nikazaa, nikaugua. Naandika yale tu niliyoyapitia kwa mwili wangu.

Kikohozi kilinianza wakati wa kuvuna wimbi, Nekesa akiwa bado wa kubebwa. Tukasema ni vumbi la kupura. Wimbi likaisha, kikohozi kikabaki, na asubuhi moja nikatema damu kwenye jani la mgomba. Hapo ukaanza msimu wa sindano. Kila asubuhi kituoni, kila asubuhi tako hili au lile, mpaka nyama ikawa ngumu kama ubao na dresa akawa analalamika kwamba sindano inakataa kuingia, kana kwamba naikataza mimi. Masikio yalipiga kengele. Nikigeuza kichwa haraka, nyumba inazunguka na mimi ndani yake.

Mama mkwe alikuja siku zile za mwanzo akamchukua mtoto. Hapo sina ugomvi naye. Kifua kikuu si cha kunyonyeshea. Alimfunga mgongoni akaondoka bila maneno mengi, na mimi nikafunga matiti yangu kwa kanga, nikaibana kwa nguvu zote, na bado maziwa yalitoka kila nilipomsikia mtoto wa jirani analia. Kama hilo limekupata, unajua. Kama halijakupata, usiniulize.

Ilipofika wakati wa kuchuma pamba, makohozi yangu yalipimwa yakaonekana safi. Wakapima tena, safi. Sindano zikaachwa, vikabaki vidonge tu. Nilidhani nimemaliza. Lakini pumzi haikurudi. Kutoka kitandani hadi chooni, nasimama mara mbili kushika mti. Nikiinama kuosha uso, nainuka kama niliyezama majini. Dresa akasema, "Lala." Nikalala. Nikiuliza nitalala mpaka lini, anasema mpaka upone. Nikiuliza nitajuaje kwamba nimepona, anasema yeye ndiye atakayejua.

Ndugu zangu, kulala ni kazi ngumu. Dada yake Wandera alikuja kutupikia, akawa anapika na kusema: kaka yake ameoa picha ya ukutani, tena picha haili. Niliyasikia yote, ukuta wetu ni wa udongo. Mapaja yangu yakaisha. Nilikuwa mwanamke mwenye miguu, nilicheza mpira wa pete shuleni, nikabaki na vijiti viwili ambavyo hata mimi sikutaka kuviangalia nikioga. Wandera akirudi jioni alikaa mlangoni mgongo umenigeukia, akipiga soga na watu wanaopita njiani. Hakuwa mbaya. Alikuwa ananiogopa.

Na dresa, ambaye kwao ni Dabani, kila mwisho wa wiki akienda kwao alipitia kwa mama mkwe, akakaribishwa, akala, akatoa habari zangu. Habari gani, sikujua wakati ule.

Tororo nilikwenda kwa sababu vidonge vilikuwa vimekwisha kituoni kwetu. Kama si hivyo ningekuwa bado kitandani. Nilipanda basi, nikashuka nimekuwa wa kijivu, nikakaa kwenye ukumbi wa kusubiri wa hospitali. Sakafu ilinuka dawa ya kuoshea, na kila mlango ulipofunguka sote tuliinua vichwa. Mama mmoja wa Mukuju aliyekaa karibu nami alinimenyea chungwa, akalikamua kidogo kidogo kwenye kikombe ili nisichoke kutafuna. Hatukuwa na lugha moja, yeye na Kijopadhola chake, mimi na Kisamia changu, Kiswahili chake cha kuuzia karanga. Lakini chungwa lile nalikumbuka mpaka leo.

Daktari alikuwa mwanamke, Mhindi, kijana, mzaliwa wa Mbale. Kiswahili chake kilikuwa cha duka la baba yake. Alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akatazama picha ya kifua changu kwenye mwanga wa dirisha, kisha akanitazama miguu. Hakuna aliyewahi kunitazama miguu.

"Wewe nalala sana?"

Nikamwambia nalala tu, ndivyo nilivyoamriwa.

"Simama. Kuja. Tembea na mimi."

Tukatoka kwenye baraza ndefu ya hospitali, mimi na yeye, wagonjwa wote wanatutazama. Nilifika kwenye nguzo, nikashindwa. Nikadhani atanirudisha kwenye kiti. Hakunirudisha. Akasimama na mimi pale kwenye nguzo kama tunasubiri mvua ipite, akanionyesha namna ya kupumua: ingiza hewa kwa pua, halafu kaza midomo uitoe polepole.

"Kama napoza uji ya mtoto," alisema.

Nikapoza uji. Kifua kikatulia. Tukaenda tena hadi nguzo ya pili.

Akaniambia wazi, na hilo nalishukuru. Alisema kifua changu kina makovu na makovu hayo hayatatoka, nisimsubiri mtu wa kuyatoa. Lakini miguu imelala mpaka imesahau kazi, na mguu uliosahau kazi unakula pumzi nyingi kuliko mguu wenye nguvu. "Kifua hii narudi kidogo tu," alisema. "Mguu narudi yote. Basi tutumie mguu." Nitembee kila siku, mahali tambarare, mikono mitupu. Nikiweza kusema maneno kadhaa huku natembea, niko sawa, niendelee. Nikiweza kuimba, ninafanya uvivu, niongeze. Nikishindwa kutaja jina langu, nisimame, nipoze uji, kisha niendelee tena. Nikianza kutema damu au nikipata homa, nirudi kwake mbio. Akasema mbio, kisha akacheka mwenyewe, akasema, "Basi, rudi na basi."

Aliandika hayo kwenye cheti kama vile wanavyoandika vidonge. Mwisho akaniambia nisibebwe na baiskeli wakati wa zoezi. Nikamwambia mume wangu anabeba watu kwa baiskeli. Alicheka mpaka akavua miwani.

Kwetu Busia pana mahali pamoja tu palipo tambarare: barabara ile iliyo kati ya vizuizi viwili, ambayo si ya Uganda wala si ya Kenya. Basi hapo ndipo nilipoanza. Na hapo ndipo palipokuwa na baiskeli zote za Busia, na Wandera wangu kati yao.

Siku ya kwanza niliishia kwa fundi cherehani. Nikakaa kwenye gogo lake, nikapoza uji, nikarudi. Siku ya pili, kwa fundi tena. Lakini wiki ile haijaisha nilimpita fundi, akasimamisha cherehani yake kunitazama, na mimi nikamwambia, huku natembea, "Habari za kazi, fundi." Salamu nzima, na miguu inakwenda. Ungedhani nimeshinda uchaguzi.

Wenye baiskeli hawakunipa nafasi. Wote walikuwa shemeji zangu, na shemeji hawezi kumpita shemeji anahema. "Shemeji, panda, bure." "Shemeji, unatuaibisha." Mmoja alinifuata polepole nyuma, kizuizi hadi kizuizi, anapiga kengele, kama anayechunga ng'ombe. Mizaha kwa Wandera ilikuwa mibaya zaidi. Walimuuliza kama mkewe amemkimbia kwa miguu. Walimuuliza kama bei yake imepanda mpaka mke ameshindwa. Kuna abiria mmoja, mama mwenye vitenge kutoka upande wa Kenya, alikataa kupanda baiskeli yake, akasema mwanamume asiyembeba mkewe atamwangusha yeye.

Siku hiyo Wandera alirudi hajala na hakutaka kula. Aliniambia nimemvua nguo barabarani.

"Watu wanasema siwezi kubeba mke wangu."

"Waambie mke wako ana miguu."

"Nabwire, unakufa mbele ya macho yangu, na mimi napiga kengele, nabeba watu wenye afya. Unajua hiyo inavyokuwa?"

Sikujua. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kulisema. Nilikuwa nimedhani ni aibu tu, kumbe alikuwa amebeba hofu ile pamoja na mizigo ya watu. Kesho yake nilimwambia aje nami, aache baiskeli kwa fundi. Alikuja amenuna. Tulikwenda tukizungumza, na kila nilipojibu bila kusimama alinitazama kwa pembe ya jicho. Karibu na mwisho nikaanza kumsema dada yake na mapishi yake, nikamsema kwa kirefu, na Wandera akasimama katikati ya barabara akaanza kucheka. Alisema sasa anaamini napona, kwa sababu nimeanza kusengenya tena.

Siku niliyofika kizuizi cha Kenya nilikigusa kile kizuizi chenyewe, ule mti wao uliopakwa rangi. Askari akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia, natoka kule. Nakwenda wapi? Narudi kule. Nimebeba nini? Sijabeba kitu. Alinizunguka. Kwa kazi yake, mwanamke anayevuka mikono mitupu kila siku na kurudi mikono mitupu ni mwanamke anayeficha jambo. Aliniita kando, akataka kujua magendo yangu ni ya nini. Nikampa cheti akakisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena, akasema mama yake pale Bungoma ana kifua hicho hicho, na je, nimwelezee hiyo habari ya uji. Tulisimama pale kwenye kizuizi, askari wa serikali na mimi, tumekaza midomo tunapoza uji, na foleni ya baiskeli inasubiri.

Mvua ndefu ziliponyesha na barabara ikawa tope, katekista alinifungulia kanisa, nikawa nazunguka ndani, kando ya mabenchi. Mapaja yalirudi. Niliyashika usiku kama mtu anayehesabu mahindi yake. Nilianza kupika. Dada yake Wandera akarudi kwao, na alipoaga alinikumbatia, nadhani kwa furaha ya kuondoka.

Kilichobaki ni mtoto. Nilituma maneno Dabani, mama mkwe akajibu kwamba daktari wa kituo hajasema. Nilituma tena. Daktari hajasema. Ndiyo maana Ijumaa ile, dresa alipokitia cheti changu kwenye droo na kusema mtoto haletwi mpaka yeye aseme, niliona wazi kwamba hatasema kamwe, maana akisema amekubali kwamba kulala kule hakukuwa dawa.

Nje ya kituo Wandera aligeuza baiskeli kuelekea nyumbani. Mimi nikashika njia ya Dabani.

"Nyumbani ni huku," alisema.

"Mtoto yuko huku."

Alinifuata. Sikuwahi kutembea mwendo kama ule, na nakuonya wewe unayesoma, usifanye kama mimi. Ongeza kidogo kidogo. Lakini ilikuwa njia ya furaha. Shamba kwa shamba watu waliacha majembe kutazama: mke mbele, mume nyuma, na baiskeli nzima katikati haina mtu. Nilipumzika kwenye kila daraja dogo na kila mlango wa duka. Nilipofika mwinuko nilitaja jina langu kwa sauti, Nabwire, Nabwire, na lilipokatika katikati nilisimama. Kabla ya kufika, mwiba ukaingia kwenye tairi ya Wandera. Akaketi kuziba. Nikamwambia anikute mbele, kwa sababu nilijua nikikaa chini tena sitainuka.

Hapo nilikosea, na kosa lenyewe ni la kwetu.

Kwetu mke wa mtu haendi ukweni ghafla. Anatuma habari, anabeba kitu, na kama mumewe ana baiskeli anakuja juu ya baiskeli. Anayetokea peke yake, kwa miguu, anahema, hana hata kikapu, amekuja na neno moja tu, na kila mtu analijua. Mama mkwe alikuwa anaanika muhogo kwenye mwamba. Aliinua kichwa akaniona naingia uani. Akatazama nyuma yangu, hakumwona mwanawe. Akaangusha ungo.

"Wandera wangu," alisema, kwanza polepole. Kisha akashika kichwa na kupiga yowe lililofika hadi kisimani.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini mwinuko ule ulikuwa umenimaliza, nilikuwa nimeshika goti, napoza uji, hakuna sauti inayotoka. Nikatikisa mkono kumwambia hapana, si hivyo. Akauona ule mkono, akaelewa kwamba mambo yamekwisha, akajitupa chini. Majirani walikuja mbio, wengine na majembe yao. Mwanamke mmoja akafungua kitambaa kichwani akajifunga kiunoni. Mzee mmoja alikwisha kuanza kuuliza maiti iko wapi, na kama ni lori au ni polisi. Nami napuliza tu, fuu, fuu.

"Yuko njiani," nilitoa mwishowe. "Anaziba tairi."

Yowe likasimama.

"Tairi?" aliuliza mama mkwe, kutoka pale chini.

"Tairi, Mama."

Wandera akatokea kwenye njia, mikono myeusi, anasukuma baiskeli, akakuta kilio chake mwenyewe. Akauliza nani amekufa. Mwanamke aliyejifunga kitambaa ndiye aliyeanza kucheka, na baada ya hapo hapakuwa na mtu mzima aliyebaki amesimama sawasawa. Mama mkwe alimpiga mwanawe mgongoni kwa kiganja, mara nyingi, analia na kucheka, anamwambia asirudie tena kufa.

Watu walipotawanyika akaniingiza ndani, akanipa maji. Alinitazama miguu, kama yule daktari.

"Umekuja na hiyo miguu kutoka Busia?"

"Ndiyo, Mama. Kutoka kituoni."

Kisha akaniambia yale ambayo dresa alikuwa anayasema nyumbani kwake kila alipokula ugali wake: kwamba mimi ni mtu wa kuondoka, kwamba sitafika mavuno mengine ya wimbi, kwamba natembea kwa sababu akili imeanza kwenda kabla ya mwili.

"Nilizika mabinti wawili kwa kifua," alisema. "Nikasema huyu wa tatu. Nilikuwa namzoeza mtoto kukusahau, ili siku ile asilie sana. Hata jina lako nilikataza watu wasilitaje hapa."

Nilikuwa nimekuja na hasira za kumpa yeye pia. Nilizitafuta nikazikosa. Nikamwambia amwite mtoto.

Nekesa aliletwa, akajificha nyuma ya sketi ya bibi yake. Hakunijua. Sitapamba: hakunijua, na hilo liliniuma kuliko sindano zote. Sikumvuta. Nilikuwa bado nahema kidogo, basi nikaendelea na uji wangu, napuliza polepole. Akatoa kichwa. Akanitazama mdomo. Akatoa na wake, akaupachika mbele kama wangu, akapuliza, mate yakamtoka. Nikapuliza. Akapuliza. Alicheka, akaja hatua mbili kuniangalia kwa karibu hiyo kazi inavyofanywa.

Mama mkwe akasema tumchukue leo leo, kabla hajabadilisha moyo, lakini kwa sharti kwamba mimi nipande baiskeli kurudi. Nilipanda. Sitakudanganya kwamba nilirudi kwa miguu, nilikuwa nimekwisha. Nilikaa nyuma, mtoto mapajani, Wandera anakanyaga, na tulipoingia Busia wenzake wote waligonga kengele.

Nilidhani hasira zitaishia hapo. Wiki haijapita yule mzee wa Tiira akaja nyumbani, amesimama mara nyingi njiani kama nilivyokuwa nikisimama mimi. Aliniambia alicheka siku ile kwa sababu wote walicheka. Sasa anataka nimsomee kile cheti. Alikuwa amemwomba dresa barua ya kwenda Tororo akaonwe na yule daktari mwanamke, na dresa amekataa, amesema hatatuma mtu mwingine akafundishwe utovu wa adabu. Na jina langu, alisema mzee, limefutwa kwenye orodha ya watu wa vidonge.

Nilikaa mezani siku ile ile. Niliandika barua kwa Kiingereza cha shule, nikaikabidhi ofisi ya gombolola, serikali yetu ya hapa mtaani, ipelekwe juu, na karani akaigonga muhuri mbele yangu. Kwa Kiswahili inasema hivi:

Kwa Daktari Mkuu wa Wilaya.

Bwana, mimi ni Perpetua Nabwire, mke wa Wandera, mkazi wa Busia upande wa Uganda. Nilitibiwa kifua kikuu nikapona, nikabaki na pumzi fupi. Namlalamikia dresa wa kituo chetu cha afya.

Daktari wa serikali aliniandikia kutembea kila siku. Dresa alikisoma cheti changu mbele ya wagonjwa ili wanicheke, kisha akakificha. Naomba aulizwe kama angeificha sindano. Kama asingeificha, basi aelezwe kwamba kutembea kulikoandikwa na daktari ni dawa, na anayemzuia mgonjwa asitembee amemnyima dawa.

Alitangaza kwa wakwe zangu kwamba nitakufa. Sikufa. Kwa neno lake nilikaa mbali na mtoto wangu muda mrefu baada ya makohozi yangu kuwa safi, na mtoto akanisahau. Naomba aende Dabani, kwenye nyumba ile ile alikokula, amwambie mama mkwe wangu kwa mdomo wake kwamba alikosea.

Ameninyima vidonge. Naomba nirudishiwe.

Amemnyima barua mzee mmoja aliyefanya kazi katika mashimo ya Tiira, ambaye kifua chake kimejaa vumbi na ambaye analala kutwa kwa amri. Jina lake nimeliandika katika karatasi ya pili, kwa ruhusa yake. Naomba apewe barua wiki hii, kwa sababu kila siku anayolala miguu yake inapungua, na hilo nalijua kuliko dresa.

Sitaki afukuzwe kazi. Anafunga vidonda vizuri. Nataka akatazwe kumlaza mtu ambaye daktari amemsimamisha.

Jibu lenu lisipitie kwa dresa. Lileteni hapa gombolola, nami nitakuja kuuliza kila Ijumaa asubuhi mpaka lifike. Si mbali na kwangu. Nakuja kwa miguu, na binti yangu anatembea mbele yangu.

Wenu mtiifu,
Perpetua Nabwire